Moduli za Mikisa ya Zamani Kwenye Raki: Fremu ya Kununua, Fundi wa Ng'ambo au Fundi wa Hapa Arusha?

Moduli (kipande kinachochomoka) ya priampu, yaani kikuzaji cha sauti ya maiki, au ya ikwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nene na nyembamba, iliyotolewa kwenye mikisa ya zamani, meza kubwa ya studio ya kuchanganyia sauti, haijitegemei. Ilipokuwa ndani ya mikisa, iliipata njia ya umeme, njia ya ardhi na tundu la maiki bila mtu kuwaza, na sauti ilipotoka ilipokelewa na saketi zilizojengwa kwa ajili yake. Mikisa ikishavunjwa na moduli kuuzwa mojamoja, vyote hivyo vinabaki nyuma. Mtu wa Arusha au Moshi anayepokea jozi ya Neve 1073 au API 550A anashika kifaa kizuri kisichoweza kufanya lolote mpaka kijengewe raki: sanduku lenye umeme wake, soketi zake na plagi za XLR, zile za pini tatu za kebo ya maiki.

Njia za kujenga raki hiyo ni tatu. Unaweza kununua fremu tupu iliyokwisha kutengenezwa, ukachomeka moduli. Unaweza kuzituma moduli Ulaya au Marekani kwa mtaalamu anayefanya kazi hiyo tu. Au unaweza kujengewa hapa hapa, na fundi wa mabati akishirikiana na fundi wa elektroniki.

Niseme mapema ninachoamini. Njia zote tatu zinaweza kukupa sauti ileile, kwa kuwa sauti hiyo imo ndani ya transfoma na transista za moduli yenyewe. Zinapotofautiana ni kwenye utulivu wa umeme, usafi wa ardhi, na mtu atakayelifungua sanduku siku litakaponyamaza katikati ya kurekodi.

Vigezo nitakavyotumia

Umeme ndio wa kwanza, na nitaurudia sana. Moduli hizi zilitengenezwa kwa umeme wa moja kwa moja uliosafishwa vizuri, na umeme wetu wa ukutani ni volti 230 za mizunguko 50 kwa sekunde (hezi 50) zinazopanda na kushuka.

Cha pili ni kelele na ardhi. Priampu inayokuza sauti kwa desibeli 60 inaikuza mara elfu moja, pamoja na kila mngurumo uliojipenyeza.

Cha tatu ni uasilia: je, moduli itakatwa, itatobolewa au kulehemewa waya mpya, au itabaki ilivyo ili kesho iweze kurudi kwenye mikisa au kuuzwa kwa bei yake halali?

Cha nne ni matengenezo, cha tano ni gharama zote pamoja na forodha. Cha mwisho ni kubebeka, ambacho watu wa studio hukisahau. Hapa kwetu kazi nyingi nzuri hufanyika nje ya studio. Moshi ina historia ndefu ya sauti za kanisani. Studio ya huko ilitayarisha vipindi vya Kiswahili vya Radio Voice of the Gospel ya Addis Ababa, iliyokuwa hewani kati ya 1963 na 1977. Mpaka leo kwaya na bendi za tarumbeta za sharika za Kilutheri zinasikika vizuri zaidi kanisani kwao kuliko kwenye chumba kilichofungwa magodoro ukutani. Arusha nayo ndiyo mji wa X Plastaz, kundi lililokutanisha rap na uimbaji wa Kimasai. Anayetaka kurekodi waimbaji wa namna hiyo mahali wanapoimbia atalibeba sanduku lake mpaka huko.

Kwanza ijue moduli yako

Njia inayokufaa inategemea ulichonacho, kwa hiyo tupite hapa kabla ya kulinganisha.

Neve 1073 ilitoka mwaka 1970, kazi ya kampuni ya Rupert Neve huko Uingereza. Inatumia volti 24 za njia moja, na kila moduli hula takriban miliampea 100 hadi 150. Ina ikwalaiza ya bendi tatu: juu ni kilohezi 12 isiyobadilika, katikati unachagua kati ya hezi 360 na kilohezi 7.2, chini kati ya hezi 35 na 220. Ukubwa wake ni habari njema kwa mjenzi. Uso wake una upana wa milimita 45 hivi na urefu wa milimita 222. Ukiilaza, inakaa kwenye yuniti moja ya raki (kipimo cha kimo cha vifaa vya raki), na moduli mbili kichwa kwa kichwa zinajaza inchi 19. Ukizisimamisha, nane zinakaa safu moja.

API ni Wamarekani, na kampuni yao ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Ikwalaiza ya 550A na ndugu zake za umbo la 500 zina upana wa inchi moja na nusu na kimo cha yuniti tatu, na zinatumia volti 16 chanya pamoja na 16 hasi. Umbo hili limekuwa kanuni duniani, jambo linalobadilisha hesabu kabisa, kama tutakavyoona.

Kundi la tatu ni kaseti, yaani moduli za kuchomeka wala si za kanda, za vituo vya redio vya Ujerumani. Telefunken V72 ni ya valvu (taa za kioo kama za redio za zamani), inakuza desibeli 34 zisizobadilika, na ina transfoma yake ya umeme ndani kwa ajili ya volti 220. V76 inafika desibeli 76. Ikwalaiza ya W295b ni ya transista na inatumia volti 24. Za valvu zina volti zaidi ya 200 ndani yake, na kapasita zake huweza kubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Fundi asiyezoea valvu asiziguse.

Kundi la nne ni vipande virefu vya chaneli nzima, kama vya mikisa ya SSL 4000 E ya mwaka 1979, inayotumia volti 18 chanya na hasi. Hivi ndivyo vigumu kuliko vyote kuviweka kwenye raki, maana havikukusudiwa kuchomolewa na kuishi peke yake. Nyaya nyingi zinazopita katikati ya chaneli na sehemu nyingine za mikisa lazima zikatwe au zigeuzwe njia.

Njia ya kwanza: fremu ya kununua

Hili ni sanduku linalouzwa likiwa na soketi ndani, plagi za XLR nyuma na chanzo cha umeme, ama ndani ama kwenye kisanduku cha pembeni.

Umeme. Kwa umbo la 500 fremu za kununua ni nyingi na zinajulikana, na kila nafasi inapata volti 16 za pande mbili pamoja na 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa. Soma karatasi ya fremu kuhusu miliampea kwa kila nafasi. Fremu ya bei ya chini ikijazwa moduli zenye njaa inaanza kuchemka, na volti zinashuka. Kwa 1073 fremu zipo pia, zikiwa na soketi yake ya pini 18, ila ni chache na si za bei rahisi. Angalia kama chanzo cha umeme ni cha transfoma ya kawaida au ni cha adapta ya swichi kama ya kompyuta mpakato. Cha swichi kinaweza kuwa kizuri kikitengenezwa kwa uangalifu. Cha ovyo kinaingiza mluzi mwembamba unaousikia mwanakwaya anaponyamaza.

Kelele na ardhi. Mtengenezaji mzuri ameshalimaliza jambo hili. Chanzo cha umeme kikiwa kwenye kisanduku cha pembeni ni bora zaidi, kwa kuwa usumaku wa transfoma ya umeme ukikaribia transfoma ya kuingizia maiki unasikika kama mngurumo, na hakuna kichujio kitakachouondoa baadaye.

Uasilia. Hapa njia hii haina mpinzani. Moduli inachomekwa na kuchomolewa, hakuna waya uliolehemewa juu yake. Kwa API 550A halisi ya miaka ya 1970 hakuna sababu ya kufikiria njia nyingine ikiwa fremu inayoikubali inapatikana.

Matengenezo. Moduli ikifa, unaichomoa na kumpelekea fundi bila kusimamisha nyingine. Fremu yenyewe ikifa, hasa ikiwa na umeme wa swichi uliobanwa kwenye bodi ndogo, fundi wa mjini anaweza kushindwa kupata spea. Muulize muuzaji mapema kama anatoa mchoro wa saketi. Wengi hawatoi.

Gharama. Unajua bei kabla hujaanza, na hilo ni faida kubwa kwa mtu mwenye bajeti. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru huo. Wengi hukosea hesabu hapo.

Kubebeka. Fremu ndogo ya nafasi mbili mpaka kumi ina mpini na inaingia kwenye begi. Kwa anayezunguka sharika za Machame na Marangu, huu ni uhuru mkubwa.

Inamfaa mwenye moduli za umbo la 500, na mwenye 1073 anayetaka kuanza kurekodi mwezi huu.

Njia ya pili: kutuma kwa mtaalamu wa ng'ambo

Huyu ni mtu au karakana ndogo ambayo maisha yake ni kuzifufua moduli za namna hii. Anapokea moduli, anazipima, anabadilisha kapasita zilizokauka, anazijengea sanduku, anakurudishia.

Umeme. Kwa kawaida atakupa chanzo cha nje chenye transfoma na kidhibiti volti cha kawaida, chenye akiba ya kutosha. Mwambie waziwazi kwamba umeme wako ni volti 230 na kwamba unayumba. Fundi wa Ulaya aliyezoea umeme usiotikisika anaweza kuacha nafasi ndogo mno kati ya volti zinazoingia na zinazotoka kwenye kidhibiti. Jioni umeme wa mtaa wako ukishuka mpaka 190, mngurumo wa hezi 100 utajitokeza na utadhani moduli imeharibika.

Kelele na ardhi. Hiki ndicho unachokilipia. Anajua pini namba 1 ya XLR inapaswa kufika kwenye chuma cha sanduku moja kwa moja na kwa njia fupi, kama AES48, kanuni ya wahandisi wa sauti, inavyoelekeza. Anajua pia mambo madogo ya 1073 yanayopotea kwenye raki za haraka. La kwanza ni swichi ya kuchagua impedansi ya kuingilia (ukinzani ambao maiki inaukuta), omu 1200 au 300, ambayo hufanyika kwenye nyaya za raki wala haimo kwenye uso wa moduli. La pili ni rizista ya omu 600 ya kubebesha transfoma ya kutolea. Kadi za sauti za siku hizi hupokea kwa omu elfu kumi au zaidi, na transfoma isiyo na mzigo huweza kung'aa juu kupita ilivyokusudiwa. La tatu ni poti (kirungu cha kuzungusha) ya kupunguza sauti baada ya moduli. Moduli hii inaweza kutoa mpaka +26 dBu (kipimo cha nguvu ya sauti kwenye waya), na kadi yako huenda imeshajaa kabla ya hapo. Bila poti hiyo huwezi kuisukuma priampu mpaka inenepe bila kupasua kinachofuata.

Uasilia. Mtaalamu mzuri hutunza kila alichotoa na kukurudishia kwenye mfuko, na huandika alichobadilisha. Wako pia wenye mkono mwepesi wanaobadilisha transfoma asilia kwa mpya bila kuuliza. Mwandikie kwamba transfoma hazibadilishwi bila ruhusa yako. Transfoma za Marinair za 1073 ndizo nusu ya thamani yake.

Matengenezo. Hapa kuna udhaifu ambao watu hawauoni siku ya furaha. Sanduku limekamilika, limepimwa, linaimba. Miaka miwili baadaye swichi moja inaanza kukatakata, na aliyelijenga yuko mbali. Dai mchoro wa nyaya, picha za ndani na namba za spea kabla hujalipa awamu ya mwisho. Ukivipata, fundi wa Arusha anaweza kulishika. Usipovipata, umefungwa kwa mtu mmoja.

Gharama. Ndiyo njia ghali kuliko zote, na ghali zaidi ukipuuza forodha. Moduli zikitoka nchini kwenda kutengenezwa bila hati inayoonyesha namba zake, zikirudi zinaweza kuhesabiwa kuwa mzigo mpya na kutozwa kwa thamani yake yote. Wakala wa forodha aandae hati ya kusafirisha kwa muda kwa ajili ya matengenezo kabla hazijaondoka, ukiwa na picha za namba za kila moduli. Usafiri wenyewe uwe na bima. Moduli za kundi hili hazitengenezwi tena kama zilivyokuwa.

Kubebeka. Raki za wataalamu mara nyingi ni nzito, zimekusudiwa kukaa studio. Sema kama utasafiri nazo.

Inamfaa mwenye moduli za thamani kubwa ambazo hazijafunguliwa miaka mingi, mwenye kaseti za valvu, na mwenye vipande virefu vya chaneli vinavyohitaji upasuaji.

Njia ya tatu: kujengewa Arusha au Moshi

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hii ndiyo njia iliyoandikwa kidogo kuliko zote, na ndiyo inayoweza kukupa sanduku linalolingana na maisha ya hapa.

Umeme. Volti 24 zina bahati moja nchini kwetu: ni volti za sola. Betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo zinatoa 25 na ushei zikiwa zimejaa na zimetulia. Umeme wa betri hauna mizunguko 50 wala 100. Kwa 1073 mbili zinazokula jumla ya miliampea 300 hivi, betri ndogo za ampea-saa 7 zinatosha kwa siku nzima ya kurekodi kanisani. Weka kidhibiti kisichopoteza volti nyingi ili moduli ipate 24 kamili, kwa sababu betri ikiwa kwenye chaja inaweza kupanda mpaka 27 au zaidi. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, bila kujadiliana. Volti 48 za maiki za kondensa zitahitaji chanzo chake kidogo cha pekee.

Kwa umeme wa ukutani, mwombe fundi transfoma ya duara, kidhibiti chenye akiba ya mara mbili ya mahitaji, na kisanduku cha pembeni chenye kebo ya angalau mita moja na nusu. Ukitumia UPS ya bei nafuu, jua kwamba nyingi zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa ngazi-ngazi, na transfoma hunguruma kwa sababu hiyo. Stebilaiza nzuri inasaidia zaidi kwenye kazi ya kila siku.

Kelele na ardhi. Hapa ndipo panapohitaji mazungumzo marefu na fundi wako. Mafundi wetu wa redio na ampilifaya wana mikono mizuri ya kulehemu, mizuri kweli. Ila wamezoea vifaa vya nyumbani, ambako ardhi huunganishwa popote panapopatikana chuma. Kwenye priampu ya desibeli 60 hilo linaleta mzunguko wa ardhi, yaani ardhi kupita njia zaidi ya moja na kunguruma. Kaeni chini na karatasi. Volti sifuri ya kila moduli iende kwa waya wake mpaka nukta moja, nukta hiyo iungwe na chuma cha sanduku mahali pamoja, na waya wa usalama wa ukutani ufungwe kwenye chuma hicho kwa skrubu yake yenyewe. Waya huo wa usalama usikatwe kamwe ili kuondoa mngurumo. Mtu ataishika maiki hiyo kwa midomo.

Rizista mbili za kilo-omu 6.8 zinazopeleka volti 48 kwenye maiki ziwe pacha. Nunua kumi, zipime kwa mita, chagua mbili zinazokaribiana zaidi kwa kila chaneli. Ni kazi ya dakika chache, na tofauti inasikika kwenye kebo ndefu.

Kwa mabati, mafundi wa Unga Limited, Arusha, wanakata na kukunja vizuri ukiwapelekea mchoro wa kipimo halisi pamoja na moduli yenyewe mkononi. Paneli ya mbele iwe aluminiamu ya milimita 3. Ikipakwa rangi, kwangua rangi mahali pote ardhi inapogusa chuma. Matundu ya hewa yakae ubavuni kuliko juu, kwa ajili ya vumbi letu la kiangazi. Moduli nane za 1073 zinatoa joto la wati ishirini na kitu, na Moshi ya mwezi Februari haisaidii kulipoza.

Uasilia. Hatari kubwa ya njia hii ni fundi kushindwa kupata soketi inayolingana na kuamua kulehemu nyaya moja kwa moja kwenye pini za moduli. Kataa. Agiza soketi sahihi hata kama itachukua wiki kadhaa kufika. Kila kitu kingine kwenye raki ya kwanza kinaweza kurudiwa, lakini pini zilizochomwa hazirudi.

Matengenezo. Hapa njia ya tatu inashinda waziwazi. Aliyejenga yuko mtaa wa pili, anajua kila waya ulipopita, na spea alizotumia ni za kununuliwa mjini au Nairobi kupitia Namanga. Kijana aliyemaliza Chuo cha Ufundi Arusha au VETA anaweza kuendelea na kazi hiyo, mradi mchoro upo.

Gharama. Kazi ya mikono na bati ni ya bei ya kubebeka. Kinachopandisha gharama ni soketi, swichi na transfoma za kuagiza, na marudio. Tenga fedha ya kurudia paneli mara moja. Hiyo ni kawaida ya kitu kinachotengenezwa kwa mara ya kwanza, wala si kosa la fundi.

Kubebeka. Unaamua mwenyewe: moduli mbili kwenye yuniti moja kwa ajili ya safari, au nane zilizosimama kwa ajili ya studio.

Kuna utaratibu wa kuwasha ambao ningemwomba kila fundi aufuate, na mafundi wazuri huufurahia. Chanzo cha umeme kiwashwe kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Kisha, kabla moduli haijaingia, rizista ya omu 220 ya wati 5 iwekwe mahali pake. Kwa volti 24 inavuta miliampea 109, karibu sawa na moduli, na ikiungua umepoteza fedha kidogo sana. Pima volti, pima chanya na hasi mara mbili. Baada ya hapo ndipo moduli moja ichomekwe. Badala ya maiki, weka rizista ya omu 150 kati ya pini 2 na 3, panda mpaka desibeli 60, usikilize kwa hedifoni. Mngurumo laini na mzito wa hezi 50 unakuelekeza kwenye usumaku wa transfoma au mzunguko wa ardhi. Mngurumo wenye ukali wa hezi 100 unakuelekeza kwenye usafishaji wa umeme. Mkishajua ni upi, nusu ya kutafuta imekwisha.

Inamfaa mwenye moduli za volti 24 zilizokwisha kuthibitishwa kuwa nzima, mwenye subira, na mwenye fundi anayekubali kuchora kabla ya kukata.

Kwa hali yako

Kama una API za umbo la 500, nunua fremu. Fedha utakayookoa kwa kujenga ni ndogo kuliko usumbufu, na ukitaka kuuza baadaye mnunuzi atakuwa na fremu yake.

Kama una jozi ya 1073 halisi ambayo haijaguswa tangu itolewe kwenye mikisa, gawa kazi. Zitume moduli peke yake kwa mtaalamu zikapimwe na kubadilishwa kapasita, kwa hati kamili za forodha, na sanduku lijengwe hapa zikiwa njiani. Usafiri wa moduli tupu ni mwepesi kuliko wa raki nzima, na utabaki na sanduku ambalo fundi wako analijua.

Kama una moduli za volti 24 zisizo na jina kubwa, zilizonunuliwa kwa bei nafuu na zinazofanya kazi, zijengee raki Arusha au Moshi. Ndiyo shule bora kwako na kwa fundi wako, na zikija za thamani zaidi mtakuwa tayari.

Kama una V72 au valvu yoyote, sitakushauri kuanza na fundi wa mtaa, hata awe hodari namna gani kwenye transista, isipokuwa amewahi kutengeneza redio za valvu na anajua kumaliza chaji ya kapasita kabla ya kuingiza mkono. Kumbuka pia kwamba desibeli 34 za V72 hazitoshi kwa maiki ya utepe (aina inayotoa sauti ndogo) iliyowekwa mbali na kwaya. Zitakutosha kwa maiki ya kondensa au sauti kubwa.

Kama una vipande vya SSL au mikisa ndefu ya namna hiyo, na fedha ni kidogo, fikiria kuviuza na kununua kitu kilichozaliwa kikiwa moduli. Kama hutaki kuuza, tuma kipande kimoja tu kwa mtaalamu, ukitumie kwanza, ndipo uamue kuhusu vingine.

Na kama kazi yako kubwa ni kurekodi kwaya na tarumbeta makanisani, ambako umeme hukatika katikati ya wimbo wa tatu, anza na njia ya tatu kwa betri za volti 24, moduli mbili, yuniti moja, kebo ya umeme yenye plagi inayofunga isiyochomoka mtoto akiikanyaga.